Barua pepe yako iko mkononi mwa nani?

Siku tatu kabla ya tarehe 30 Juni, senje wangu alinipigia simu akiwa sokoni Kakamega. Kwa wale ambao si wa huku Magharibi, senje ni shangazi, dada ya baba, na senje akipiga unachukua simu. Anauza kuku na mayai, na kuna shule moja ambayo huchukua mayai kwake kila wiki. Mhasibu wa shule alikuwa amemwambia kwamba malipo ya muhula hayatatoka mpaka alete cheti cha KRA kinachoonyesha hana deni la ushuru. Ili upate cheti, lazima ritani ziwe zimewasilishwa. Ili uwasilishe ritani, lazima uingie kwenye iTax. Na iTax yenyewe alikuwa hajaiona tangu siku alipopewa PIN.

"Si wewe ndiye ulisomea hii mambo ya kompyuta," akasema. "Kuja haraka mwanangu, hiyo pesa ni ya chakula ya kuku."

Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Tukabonyeza pale pa kusahau nywila (au paswadi, kama wengi wetu tunavyosema), tukajibu swali, na mfumo ukatuambia nywila mpya imetumwa kwa barua pepe yake. Senje akanitazama.

"Barua pepe yangu ni gani?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Ile PIN ilitengenezewa kwenye saiba moja karibu na steji, miaka mingi iliyopita. Jamaa wa saiba alimuuliza kama ana barua pepe, senje akasema hana, jamaa akasema hakuna shida. Akatengeneza moja pale pale, akajaza fomu, akaprinti cheti cha PIN, akalipwa, akaita mteja mwingine. Anwani ya ile barua pepe ilikuwa kwenye fomu. Nywila haikuandikwa popote. Nambari ya simu ya kurejeshea akaunti ilikuwa ya jamaa mwenyewe. Na ile saiba siku hizi ni duka la viatu.

Kazi yangu hapa ni kuwaeleza wateja jinsi ya kulinda pesa zao. Nimeandika kuhusu PIN, kuhusu wale wanaopiga simu wakidai wametuma pesa kimakosa, kuhusu laini zilizopotea. Lakini kusema ukweli, sikuwa nimewahi kuichukulia barua pepe kama jambo la pesa. Kwangu ilikuwa kitu cha ofisini, cha kutafutia kazi. Sasa nimeona mtu akikosa malipo ya muhula mzima kwa sababu ya sanduku ambalo hakujua analo.

Hebu fikiria ni huduma ngapi ulizojiandikisha kwa kutumia barua pepe. KRA. eCitizen. HELB, kama ulisoma chuo au una mtoto chuoni. Benki. SACCO. Facebook, ambako pengine ndiko unakouzia bidhaa. Na simu yenyewe ya Android, kwa sababu haifanyi kazi vizuri bila akaunti ya Google. Ukisahau nywila ya huduma yoyote kati ya hizo, nywila mpya mara nyingi hutumwa wapi? Kwa barua pepe. Kwa hivyo mtu aliye na barua pepe yako ana funguo za milango mingine karibu yote.

Sanduku la kuazima

Kama umri wako umesonga kidogo unakumbuka barua zilivyokuwa zikifika kijijini. Familia nyingi hazikuwa na sanduku la posta. Ulitumia la shule ya msingi, la kanisa au la mwenye duka. Kwenye bahasha mtu aliandika jina lako, kisha "kupitia" mwalimu mkuu wa shule fulani, S.L.P. nambari fulani, Kakamega. Barua ikifika inasomwa jina paredi na mtoto anapewa aipeleke nyumbani. Kama mwalimu alikuwa mtu mzuri, unaipata ikiwa imefungwa. Kama alikuwa na udadisi, kijiji kizima kinajua kijana wako wa Nairobi ametuma nini kabla hujajua wewe mama yake.

Barua pepe uliyotengenezewa na mtu wa saiba, na nywila anayo yeye, ni sanduku la kuazima vilevile. Si kusema watu wa saiba ni wezi. Wengi wao wametusaidia sana, na bila wao nusu ya mtaa haingekuwa na PIN ya KRA. Shida ni kwamba sanduku si lako. Yeye anaweza kulifungua, wewe huwezi. Akihama, akifunga biashara au akisahau, huna la kufanya.

Anwani ya barua pepe yenyewe si kitu kigeni ukiifikiria hivyo. Ina sehemu mbili, na katikati kuna ile alama ya @. Upande wa kushoto ni jina la sanduku. Upande wa kulia ni posta ambako sanduku liko: gmail.com, yahoo.com, au jina la kampuni au ofisi. Ni kama vile barua ya Kakamega mjini inavyoandikwa nambari ya sanduku halafu 50100. Hizo tarakimu 50100 hazisemi wewe ni nani, zinasema tu barua ipelekwe posta ipi. Alama ya @ ilichaguliwa mwaka 1971 na mhandisi Mmarekani, Ray Tomlinson, alipokuwa akijaribu kutuma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao. Alihitaji kitu cha kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta. Kinachochekesha ni kwamba kompyuta zake mbili zilikuwa zimekaa kando kwa kando chumba kimoja. Angeweza tu kugeuka.

Mzigo wa matatu

Ukibonyeza kutuma, ujumbe hauruki moja kwa moja hadi kwenye simu ya mwenzako. Ni kama unapotuma mzigo Kisumu kwa matatu. Unaupeleka steji ya Kakamega, unaandika jina la mpokeaji juu. Watu wa steji wanaangalia unaenda wapi, wanaupandisha gari. Kule Kisumu unashushwa na kuwekwa ofisini, unamngoja mwenyewe aje auchukue, iwe ni leo au wiki ijayo.

Steji hizo, kwa barua pepe, ni kompyuta kubwa zinazoitwa seva. Ya kwanza ni ya kampuni inayokupa wewe barua pepe. Hiyo inasoma upande wa kulia wa @, inauliza kwenye orodha ya mtandao, "barua za jina hili zinapokelewa wapi?", kisha inaupeleka ujumbe kwa seva ya mpokeaji. Kule unakaa mpaka afungue. Yote hayo kwa kawaida ni sekunde chache.

Ukielewa safari hiyo, mambo mengi yanajieleza yenyewe. Simu ya mwenzako inaweza kuwa imezima au haina bando, na bado ujumbe ukamngoja. Barua pepe zako haziishi kwenye simu yako, zinaishi kwenye seva, kwa hivyo simu ikiibwa pale stendi hujapoteza barua pepe, mradi unaijua nywila. Ndiyo sababu pia ukiingia kwenye kompyuta ya saiba na ukasahau kutoka, anayekuja kukalia kiti baada yako yuko ndani ya sanduku lako wakati wewe uko kwa boda unaelekea Lurambi.

Na mzigo ukishafika Kisumu huwezi kuurudisha kwa kupiga kelele Kakamega. Gmail ina kitufe cha kutendua baada ya kutuma, lakini hicho kinafanya kazi kwa sekunde 30 zaidi, na ni kwa sababu Gmail inaushikilia ujumbe kidogo kabla ya kuuachilia. Ukishaachiliwa umekwenda.

Hapa pesa na barua pepe zinatofautiana sana. Siku hizi unapotuma pesa, unaweza kuona jina la mpokeaji kabla hujamaliza, na ukikosea nambari unashtuka. Barua pepe haina hiyo. Ukiandika ".con" badala ya ".com", ujumbe utarudi na maelezo kwamba anwani haipo, na hiyo ni bahati nzuri. Ukikosea herufi moja kwenye jina na kuna mtu mwingine mwenye jina hilo, nakala ya kitambulisho chako imemfikia, na hakuna kitakachokuambia. Sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta na mitandao ya mwaka 2018 inaviweka vitu hivi viwili mahali pamoja: mtu akipokea kimakosa barua pepe au malipo ya kielektroniki yaliyokuwa ya mwingine, na kwa makusudi akayaficha au kuyazuia, anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh200,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 2, au vyote viwili. Wengi wanajua pesa iliyotumwa kimakosa ni ya kurudishwa. Wachache wanajua kwamba barua pepe nayo imo.

Kwa njia, usiandike "www" mbele ya anwani ya barua pepe. Tunaziona sana kwenye fomu. Na kama uko Gmail, nukta zilizo ndani ya jina hazina maana: ukiziweka au ukiziacha, sanduku ni lile lile.

Kulichukua sanduku lako

Anza kwa kujua hali yako. Chukua simu, fungua mipangilio, tafuta palipoandikwa akaunti, uone ni barua pepe gani imo. Usishangae ukikuta jina usilolijua. Simu nyingi za mkopo na za mkono wa pili zinawashwa dukani na mhudumu, na mhudumu mwenye haraka anaweka akaunti aliyobuni mwenyewe, au hata ya kwake. Hiyo ina hatari mbili. Ya kwanza, namba za watu na picha zako zinaweza kuwa zinahifadhiwa kwenye akaunti ya mtu mwingine. Ya pili utaijua siku simu ikisumbua na fundi akaifuta yote ili ianze upya: ikiwaka itaitisha akaunti ya Google iliyokuwemo mwanzoni. Ni ulinzi dhidi ya wezi, na ni mzuri, lakini unakuwa wewe ndiwe mwizi kwa simu yako mwenyewe kwa sababu hujui nywila.

Kama huna barua pepe ambayo nywila yake iko kichwani mwako, tengeneza mpya leo, kwa simu yako, ukiwa umekaa mahali pametulia. Chagua jina ambalo huwezi kuona aibu kulitaja mbele ya afisa wa benki. Mimi nikiwa kidato cha pili nilikuwa na moja yenye neno "swagg" na tarakimu nne, sitaendelea. Nywila iwe ndefu, maneno matatu au manne yasiyohusiana ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa. Na tafadhali isiwe PIN yako ya pesa, wala isiwe na PIN hiyo ndani.

Kisha weka nambari ya simu ya kurejeshea akaunti, na iwe nambari yako, laini unayoitumia. Hapa ndipo watu wengi huanguka. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye nambari ile inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Kama akaunti yako bado inaitambua nambari ya zamani, msimbo wa kurejesha nywila utamfikia mgeni. Kila unapobadilisha laini, badilisha na hapo. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili, ule ambao hata mtu akiijua nywila yako bado anahitaji msimbo au idhini kutoka kwa simu yako. Unaupata kwenye akaunti ya Google, sehemu ya Security, au Usalama kama simu yako iko kwa Kiswahili. Hapo hapo utaona orodha ya vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti yako. Ukiona kompyuta usiyoijua, itoe, halafu ubadilishe nywila.

Na ulifungue sanduku mara kwa mara. Tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi ambayo haijatumika kwa miaka miwili. Kwa hivyo ile barua pepe iliyotengenezwa saiba siku ya PIN na haikufunguliwa tena, huenda haipo kabisa. Yahoo nayo, ambayo kaka na dada zetu wakubwa waliitumia sana, mwaka 2013 ilitangaza kwamba majina yaliyolala zaidi ya mwaka mmoja yatapewa watu wengine. Fikiria barua za benki yako zikimfikia mtu mwingine kwa halali kabisa.

Ukishapata sanduku lako, zunguka uhamishe anwani kwenye huduma zote muhimu: KRA, eCitizen, HELB, benki, na kwetu pia kama uliandika anwani ya kuazima. Ni kazi ya mchana mzima na inachosha. Barua pepe ya chuo isiwe ndiyo unayotegemea. Chuo kinaweza kuifunga ukishamaliza, wakati mkopo wa HELB ndio kwanza unaanza kudaiwa.

Nani ameandika jina juu ya mzigo?

Tukirudi steji. Mzigo umeandikwa "Kutoka kwa Mwalimu Mkuu". Nani aliandika? Yule aliyeuleta. Hakuna aliyemwitisha kitambulisho. Barua pepe ilijengwa hivyo hivyo, enzi ambapo waliokuwa mtandaoni walikuwa wachache na walijuana. Jina unaloliona juu ya ujumbe, kwa mfano "KRA" au jina la kampuni yetu, ni jina ambalo mtumaji amejiandikia tu. Hata mimi naweza kujiita Gavana.

Kwa hivyo usisome jina, soma anwani. Kwenye simu huwa imefichwa; gusa jina na itatokea. Kisha isome kutoka mwisho kurudi nyuma. Mwisho ndio posta, na posta ndiyo ngumu kudanganya. Anwani zinazoishia .go.ke hupewa ofisi za serikali ya Kenya, na .ac.ke ni za vyuo. Lakini .com au .co.ke mtu yeyote mwenye pesa kidogo anaweza kujisajilia. KRA wanaishia kra.go.ke. Kama ujumbe umeanza na "kra.go.ke" halafu baada ya nukta kuna neno lingine na .com, huo si wa KRA hata uwe na nembo, simba na mhuri.

Kuna walaghai wanaoweza kughushi hata anwani nzima. Kampuni kubwa za barua pepe zimeongeza ukaguzi. Tangu Februari 2024, kwa mfano, Gmail na Yahoo zinawataka wanaotuma ujumbe kwa wingi wathibitishe kwamba kweli wanatoka wanakosema. Unaoshindwa ukaguzi hutupwa Spam au hukataliwa. Ndiyo maana ujumbe ukiwa Spam, na unataja pesa, usiwe na haraka ya kuutoa. Hata hivyo wakati mwingine ujumbe halali nao huangukia humo, kwa hivyo pitia Spam mara moja kwa wiki, kwa macho tu, bila kubonyeza.

Njia rahisi ambayo mimi mwenyewe hutumia: ujumbe ukiniambia akaunti yangu ina shida, sibonyezi linki iliyo ndani. Naifunga, nafungua programu au ukurasa wa huduma hiyo mwenyewe, naangalia. Kama shida ipo nitaiona huko. Sisi hatutakuomba PIN kwa barua pepe, wala kwa simu, wala kwa njia nyingine yoyote. Anayeiomba si sisi, hata kama anajua jina lako lote, nambari ya kitambulisho na kiasi cha pesa ulichotuma jana.

Kwa wafanyabiashara kuna mbili za kuangalia sana. Kuna mnunuzi wa mtandaoni anayekuambia amelipa, na kweli unapata barua pepe nzuri yenye nembo ikisema malipo yamepokelewa na yatatolewa ukishatuma bidhaa. Fundi, usipakie makochi hayo kwa pikapiki. Malipo ya simu yanaonekana kwenye salio lako, hayaonekani kwenye barua pepe. Angalia salio kwanza. Nyingine ni ya wale wanaonunua kwa jumla: msambazaji mliyezoeana anakuandikia kwamba amebadilisha till au paybill, lipia hapa kuanzia leo. Huenda ni kweli. Huenda pia kuna mtu ameingia kwenye barua pepe yake, amesoma mazungumzo yenu, na anajua kabisa mwezi huu unatakiwa kulipa ngapi. Mpigie simu kwa nambari uliyokuwa nayo zamani, usitumie ile iliyo kwenye ujumbe, umsikie sauti. Wengi wanaona ni kama kumkosea heshima mtu mliyefanya naye kazi miaka mingi. Si kumkosea, mwambie ni sisi tumekuambia.

Ukituandikia

Kwanza, kuna mambo hayafai kwa barua pepe. Ukituma pesa kwa mtu asiye wako, usikae chini kutunga barua. Tumia njia ya kurejesha malipo kwenye simu yako au piga huduma kwa wateja saa hiyo hiyo. Laini ikiibwa, vivyo hivyo. Barua pepe ni ya mambo yanayohitaji kumbukumbu: malalamiko ambayo yamekaa, makato usiyoyaelewa, stetimenti, nyaraka za biashara.

Halafu andika kichwa. Ujumbe mwingi tunaoupata hauna chochote kwenye Subject, au una neno "Help", au "URGENT" yenye alama za mshangao saba. Anayesoma ana ujumbe mwingi mbele yake na vichwa ndivyo anavyotumia kupanga kazi. Linganisha na huu:

Kichwa: Till ilikatwa mara mbili, Sh1,850, tarehe 14 Mei

Habari. Tarehe 14 Mei saa 10:20 jioni nililipa Sh1,850 kwa till ya duka la pembejeo. Pesa zilikatwa mara mbili. Nambari za miamala miwili nimeziandika hapa chini. Mwenye duka amethibitisha alipokea mara moja tu. Naomba mwamala wa pili uchunguzwe. Nambari yangu ya simu ni hii. Asante.

Ni hayo tu. Tarehe, saa, kiasi, nambari za miamala, nini kilitokea, unataka nini. Nakili nambari ya mwamala kama maandishi; picha ya skrini iliyopigwa kwa simu nyingine, na kidole kimefunika nusu, tunaihesabu herufi kwa herufi na mara nyingi 0 na O zinatupotosha. Usiandike PIN. Ukijibiwa na ukataka kuongeza jambo, jibu ndani ya mazungumzo yale yale usianzishe mapya, kwa sababu mapya yanaweza kumfikia mtu mwingine ambaye hajui hadithi yako na ataanza kukuuliza upya.

Salamu ni nzuri na sisi ni Wakenya, tunazipenda. Moja inatosha.

Kwa waweka hazina wa vyama: mnapotuma stetimenti kwa wanachama wote, kuna mahali pa Cc na pa Bcc. Cc ilitokana na karatasi ya kaboni, ile ya bluu waliyoiweka kati ya karatasi mbili kwenye taipureta ili nakala itoke chini. Kila mtu anaona nakala zimeenda kwa nani. Bcc inaficha. Kwa chama cha watu kumi na wawili wanaojuana, Cc ni sawa. Kwa kikundi kikubwa, tumia Bcc, la sivyo umegawa anwani za watu mia kwa watu mia. Bcc pia inakuokoa na yule mwanachama ambaye lazima ajibu wote kwa neno "Noted". Stetimenti yetu ikikujia kwa barua pepe huwa imefungwa kwa msimbo unaokuja kwa SMS. Usiuandike huo msimbo ndani ya barua pepe ile ile unayoitumia kuisambaza, maana hapo umefunga mlango na kuacha ufunguo kwenye kufuli.

Senje, basi. Ile barua pepe ya saiba hatukuipata. Tulitengeneza mpya kwa simu yake, tukiwa tumekaa kwenye kreti za mayai, na nywila akaichagua mwenyewe. Alinigeuzia mgongo akiandika, na nikafurahi. Kesho yake alienda kwa dawati la KRA pale Huduma Centre na kitambulisho chake halisi ili wabadilishe anwani. Foleni ilikuwa ya watu waliochelewa kama yeye, kwa sababu ukipitisha tarehe 30 faini ya mtu binafsi inaanzia Sh2,000. Ritani zilienda tarehe 29, usiku. Cheti akaomba wiki iliyofuata.

Siku chache baadaye nilikuwa kazini simu ikaita.

"Kuna kitu imeingia kwa hiyo sanduku yangu," akasema. "Imeandikwa KRA."

Nikamwambia aguse jina aone anwani.

"Nimeshaguza. Nimesoma kutoka nyuma kama vile ulisema. Inaishia go.ke, na kabla ya hapo ni kra, hakuna kitu ingine." Nikasikia kuku nyuma yake. "Sasa nifungue ama ningoje wewe?"